Rudia muvi ya simba wa Tsavo, lakini safari hii uliza majina

Wikendi hii, msomaji wangu, achana na muvi mpya. Rudi nyuma uitazame tena The Ghost and the Darkness ya 1996.

Unaijua stori. Val Kilmer ni Patterson, mwanajeshi na injinia anayetumwa 1898 kujenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo. Simba wawili wanakula wafanyakazi usiku, kisha Michael Douglas anatokea na bunduki.

Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video hapa Sultan Hamud, nikiwa darasa la sita. Shilingi kumi mlangoni, benchi la mbao, joto kama la tanuri. Tulimshangilia Patterson kama mfungaji mabao wetu. Wafanyakazi walipoparamia garimoshi kutoroka, tulicheka hadi machozi.

Mwezi uliopita niliirudia nyumbani, susu ameketi kando yangu. Marehemu mumewe, babu yangu, alikarabati reli miaka mingi. Susu hajui Kiingereza, kwa hivyo nikajifanya DJ Afro wake. Simba akamburuta mtu gizani.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

"Ni mfanyakazi tu, susu."

"Kwani hana jina, mwanangu?"

Nilikosa jibu. Ni kweli wapo Mahina, Abdullah na Samuel. Samuel, aliyeigizwa na John Kani, ndiye hata anayetusimulia stori. Lakini anachosimulia ni ushujaa wa Patterson. Hao wengine wote wapo ili waliwe au watoroke.

Swali la susu lilinitoa kwenye muvi, nikaanza kutafuta ukweli. Douglas anaigiza mwindaji wa kubuniwa. Simba wote wawili waliuawa na Patterson mwenyewe, Desemba 1898. Simba wa kwenye muvi wana manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Wapo hadi leo, kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Na picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini.

Hayo ni madogo. Lililoniuma ni hili: katika kitabu chake cha 1907, Patterson anahesabu Wahindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika, anakiri walikuwa wengi lakini hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Baadaye alidai jumla ni watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima manyoya na mifupa ya simba hao, wakakadiria kama 35. Fikiria hilo: kujua ni wangapi walikufa, ilibidi tumuulize simba.

Hollywood ilikuwa imeipitia stori hii mapema. Bwana Devil ya 1952 iliwavalisha Wamarekani miwani ya 3D ili simba waonekane wakiwarukia. Miaka 44 ikapita, teknolojia ikabadilika, lakini shujaa akabaki yuleyule.

Sisemi uifute muvi hii. Bado naipenda, na usiku ukiingia pale kambini bado naogopa. Lakini mji wetu ulizaliwa na reli hiyo, ukabeba jina la Sultani wa Zanzibar. Shuka Barabara ya Mombasa, pita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, utafika Tsavo kwenyewe. Wale wanaokimbia kwenye kioo huenda ni watu wetu. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, jina langu lilifutwa kwenye orodha ya darasa. Liliniuma, na mimi niko hai.

Kwa hivyo ukiitazama, tazama na mtu mzima wa kwenu. Simamisha muvi kila mtu asiye na jina anapokufa, kisha muulize mzee wako: sisi tulikuwa na nani kwenye reli? Au barabarani, au kwenye mashamba ya mkonge?

Susu alinitajia majina manne usiku ule. Muvi hatukuimaliza, lakini majina nimeyaandika.