Katiba inaweza kugeuzwa mpaka wapi?



Wengi wanauliza: kama wakubwa wa inchi wanaweza kugeuza katiba, haki zetu ziko na nguvu gani? Ulizo hili ni la maana. Tujaribu kulijibu.

Inchi yetu inajua hatari hiyo. Katiba ya 1967 iliruhusu vyama viwili. Mwaka 1970 iligeuzwa, MPR ikabaki chama kimoja tu. Mwaka 1974 iligeuzwa tena, na serikali, bunge na mahakama vikawekwa vyote chini ya MPR. Yote yalifanywa kwa njia ya sheria. Watu walingoja mpaka tarehe 24 Aprili 1990 kusikia Mobutu akitangaza mwisho wa chama kimoja.

Juu ya hiyo, katiba ya sasa, ambayo watu waliikubali kwa kura Desemba 2005 na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, iliwekewa kufuli katika vifungu vitatu.

Kifungu 218 kinasema nani anaweza kuomba mageuzi: Raisi, Serikali, nusu ya memba wa Bunge la Taifa ao wa Seneti, na hata raia wenyewe, wakiwa watu 100.000 waliotia mukono kwenye ombi moja. Kisha raia wote wanapiga kura, isipokuwa Bunge na Seneti wakikutana pamoja na kukubali kwa sehemu tatu kwa tano.

Kifungu 219 kinakataza kugeuza katiba wakati wa vita, ao wakati utawala wa hatari umetangazwa, ao wakati kiti cha Raisi kinashikwa kwa muda tu.

Kifungu 220 kinataja mambo yasiyoguswa hata kidogo: jamhuri, kura ya watu wote, hesabu na urefu wa vipindi vya Raisi (miaka mitano, mara mbili tu), uhuru wa mahakama, vyama vingi. Tena kinakataza mageuzi yoyote yenye kupunguza haki za mutu.

Lakini tusilale. Mambo mengine mazito hayamo ndani ya kufuli hiyo. Januari 2011 vifungu nane viligeuzwa, na raia hawakuitwa kupiga kura. Mbele ya hapo, mwenye kutaka kuwa Raisi alipaswa kupata zaidi ya nusu ya kura, ao kurudi katika uchaguzi wa pili. Tangu 2011, mwenye kupita wengine anashinda, hata asipofika nusu. Katika uchaguzi wa 2018, matokeo yaliyotangazwa yalimpa mushindi kidogo zaidi ya 38 kwa mia.

Basi haki inalindwa na kufuli, lakini pia na watu wanaoijua. Kwa mufano, kifungu 18 kinasema: mutu akikamatwa, aambiwe sababu mara moja, katika luga anayosikia, aruhusiwe kuongea na jamaa yake, na asipite saa 48 pale polisi bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Ni wangapi kati yetu wanaokijua? Asiyekijua, hata siku kikivunjwa mbele yake, atanyamaza.

Tunaomba kila darasa lisome vifungu 218, 219 na 220 pamoja na mwalimu. Siku mutu akija kutuambia kwamba katiba itageuzwa, tumuulize: kifungu gani, kwa njia gani, na faida ya nani?