Milango Mitano ya Fahamu Hufunzwa kwa Vitu vya Pwani

Mtoto wa elimu ya awali hujifunza zaidi kwa kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa kuliko kwa kuambiwa. Kwa walimu na wazazi wa Kunduchi, wilayani Kinondoni, vifaa vya somo hilo havihitaji kununuliwa. Mchanga mkavu na uliolowa, kifuu cha nazi na kipande cha tumbawe vinatosha kumfunza mtoto kutofautisha kilicho laini na kinachokwaruza. Kwa kunusa kuna limau, mdalasini na dagaa wakavu, ambao mtoto wa pwani huwatambua hata akiwa amefumba macho. Kuonja kunahitaji uangalizi: mikono inawiwe kwanza, na kitolewe chakula kisichomdhuru mtoto.

Mchezo wa kusikia una uzito wa pekee. Mwalimu husimama nyuma ya mtoto na kutikisa kopo lenye mchanga, kisha lenye mahindi, naye mtoto hutaja kilichomo. Asiyegeuka mara kwa mara huenda si mtukutu wala mzito wa kuelewa; huenda hasikii vyema, na asiyesikia vyema huchelewa pia kuzungumza. Vivyo hivyo kwa anayesogeza picha karibu mno na macho.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, inaunganisha ujifunzaji wa awali na afya. Mwalimu anayeona dalili hizo amweleze mzazi bila kumwaibisha mtoto, ili apelekwe kituo cha afya kupimwa masikio au macho kabla ya kuanza darasa la kwanza.