Homa isiyoisha: Je, chanzo ni kikombe chako cha maziwa?

Umewahi kuugua homa inayokuja na kuondoka? Asubuhi unaamka buheri wa afya, jioni mwili unawaka moto na usiku shuka zinalowa jasho. Mgongo na viungo vinauma. Unanunua dawa ya malaria dukani, unapata nafuu siku mbili, kisha homa inarudi. Unaambiwa ni taifodi, unameza dawa nyingine. Mwezi unakwisha na bado hujapona.

Ikiwa unaishi Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, kuna swali ambalo huenda hakuna aliyekuuliza: maziwa unayokunywa yanatoka wapi, na je, yalichemshwa?

Ugonjwa tunaouzungumzia ni bruselosi, ambao wengi huuita brusela kwa kifupi. Huletwa na bakteria wanaokaa katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwatambua mwaka wa 1887 katika kisiwa cha Malta. Mnamo 1905, Themistocles Zammit aligundua kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, ambao kwa macho walionekana wazima, ndio waliobeba viini hivyo katika maziwa yao. Hilo ndilo jambo la kuogofya: mnyama anaweza kukuambukiza bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa.

Utafiti wa Kajiado

Kwa muda mrefu, daktari wa watu alipima watu na daktari wa mifugo akapima mifugo, kila mmoja kivyake. Mnamo 2012 na 2013, watafiti wakiwemo mtaalamu wa epidemiolojia, Dkt Eric Osoro, walibadilisha mtindo huo. Walikwenda katika kaunti tatu, Kajiado, Kiambu na Marsabit, wakachukua damu ya watu na ya mifugo katika boma moja, kisha wakalinganisha matokeo.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2015, yalionyesha kuwa asilimia 16 ya watu na asilimia 8 ya wanyama waliopimwa walikuwa na kingamwili za brusela. Hii haina maana kwamba wote walikuwa wagonjwa siku hiyo, bali kwamba viini viliwahi kuingia mwilini mwao. Marsabit, wanakohamahama na mifugo, hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko Kiambu, ambako ng'ombe wengi hulishwa zizini.

La kuzingatia zaidi ni hili: katika boma lenye mnyama aliyeambukizwa, uwezekano wa mtu kuwa na kingamwili hizo ulikuwa mara 6 ukilinganisha na boma lisilo na mnyama kama huyo. Kunywa maziwa mabichi mara kwa mara kuliongeza uwezekano huo zaidi ya mara 3. Kuchunga, kukamua na kulisha mbuzi kuliongeza karibu kiasi hicho hicho. Hata kushika ngozi za wanyama kulikuwa na hatari yake.

Si ugonjwa wa wafugaji pekee

Usiseme, "Mimi sina ng'ombe, haya hayanihusu." Tazama Kitengela. Upande mmoja kuna nyumba za kupanga za ghorofa, upande mwingine maboma ya Wamaasai. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yanaweza kufika mlangoni pako kwa pikipiki kabla watoto hawajaenda shule. Mtungi mmoja huweza kuchanganya maziwa ya maboma kadhaa, na ng'ombe mmoja mwenye viini hutosha kuyachafua yote.

Wala usitegemee maziwa mala. Uchachu hauui viini vyote ikiwa maziwa hayakuchemshwa kwanza. Moshi wa kibuyu nao hunukia vizuri, lakini si dawa.

Tatizo la vipimo

Dalili za brusela hufanana sana na za malaria na taifodi, kwa hivyo wagonjwa wengi huzungushwa kutoka kliniki moja hadi nyingine. Kwa upande mwingine, wapo wanaoambiwa wana brusela ilhali hawana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017 kuhusu hospitali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichotumiwa huko kilitoa majibu mengi ya uongo. Wengi walioonekana kuwa na ugonjwa hawakuthibitishwa na kipimo bora zaidi.

Kosa hili si dogo. Matibabu ya brusela huchukua wiki 6 za doksisaiklini pamoja na dawa nyingine ya antibiotiki. Ukiambiwa una brusela, muulize daktari kama kipimo kimethibitishwa. Ukithibitishwa, maliza dawa zote hata ukijisikia umepona, kwani ukiziacha njiani homa inaweza kurudi. Mama mjamzito amwone daktari mapema: ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba, na doksisaiklini haimfai.

Ufanye nini?

Chemsha maziwa hadi yatokote, hata kama muuzaji ni rafiki yako wa miaka mingi. Ukitaka mala, chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.

Ikiwa unafuga, mnyama akitupa mimba usiguse kijusi wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu, vizike mahali penye kina, na usiwatupie mbwa. Mwite daktari wa mifugo, umuulize pia kuhusu chanjo, kwa kuwa chanjo ya mifugo ipo lakini ya binadamu haipo.

Na ukienda hospitalini na homa isiyoisha, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari kama unakunywa maziwa mabichi, kama unakamua au kuchunga, au kama kazi yako ni ya kichinjioni. Sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa miezi ya kuhangaika.

Maziwa ni chakula bora, na hakuna anayekukataza kuyanywa. Yaweke jikoni kwanza.