Kufundisha Uhusiano wa Joto la Bahari na Njia za Pepo na Tufani

Katika shule nyingi za msingi somo la pepo hufundishwa kwa kukariri. Mwanafunzi hutaja bila kusita kwamba Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na Kusi tangu Mei hadi Septemba. Lakini akiulizwa upepo huanzwa na nini, hunyamaza. Elimu ya namna hiyo haimfai siku majira yanapokwenda kinyume. Mvua za vuli za mwaka 2019 zilileta mafuriko makubwa katika Afrika ya Mashariki. Kisha tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zikakosekana mfululizo katika sehemu kubwa za Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Aliyekariri tu hudhani kitabu kimemdanganya. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kufundisha kiini cha jambo: upepo hufuata tofauti ya joto baina ya mahali na mahali, na joto la uso wa bahari likihama, njia za pepo na mvua nazo huhama.

Maarifa ya Mwalimu

Maji ya bahari yakipata joto, hewa iliyo juu yake hupata joto pia, hubeba mvuke mwingi, huwa nyepesi na kupaa. Hewa kutoka mahali penye ubaridi zaidi huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo. Hewa inayopaa hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mawingu hufanyika. Mvuke unapogeuka matone hutoa joto, nalo huzidi kuisukuma hewa juu. Hewa hiyo ikishafika juu husambaa, na hatimaye hushuka mahali pengine ikiwa kavu. Ndiyo maana mvua nyingi ya upande mmoja aghalabu huambatana na ukame wa upande mwingine.

Bahari ya Hindi ni mfano bora. Kwa kawaida, wakati wa vuli, maji ya upande wa Indonesia huwa na joto kuliko ya pwani yetu, na hewa hupaa zaidi huko. Mwaka 2019 mambo yaligeuka: maji ya magharibi yalizidi joto la kawaida, na ya karibu na Sumatra yakapoa. Pepo za Ikweta zikaelekea huku kwetu na kuleta mvuke mwingi. Sisi tukapata mafuriko. Indonesia na Australia zikapata ukame na mioto ya misitu. Mwaka 1999 wataalamu, wakiwamo wa Japani, walieleza mabadiliko haya katika jarida la sayansi, na tangu hapo watabiri wa mvua huyachunguza kila mwaka.

Jaribio la Darasani

Tafuta sanduku dogo la mbao, kipande cha kioo cha dirisha, makopo mawili yaliyotolewa vitako, mshumaa na kijiti cha udi. Toboa matundu mawili juu ya sanduku, moja kila mwisho, na kusimamisha kopo juu ya kila tundu. Washa mshumaa chini ya tundu la kulia, kisha ufunike ubavu ulio wazi kwa kioo. Weka ndoo ya mchanga karibu kwa usalama.

Kabla ya kuwasha udi, waulize wanafunzi: Moshi utakwenda wapi? Waache wabishane. Kisha shika udi unaofuka juu ya kopo la kushoto. Wataona moshi ukishuka, ukivuka sanduku na kutokea juu ya mshumaa. Sasa hamishia mshumaa kushoto na udi kulia. Moshi utageuza njia. Waeleze kwamba mshumaa ni maji yenye joto, na kuhama kwake ndiko kulikotokea mwaka 2019.

Hata hivyo, mwalimu hana budi kutaja upungufu wa mfano huu: sanduku halina mvuke wala halizunguki kama dunia.

Kutoka Pepo hadi Tufani

Upungufu huo ndio mlango wa kuingilia somo la tufani, ambazo watabiri huziita vimbunga. Kimbunga huhitaji maji ya joto la nyuzi 27 hivi za Sentigredi, mvuke mwingi, na mzunguko wa dunia wa kuipinda hewa iwe duara. Karibu kabisa na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu. Ndiyo sababu vimbunga huifikia pwani ya Tanzania kwa nadra. Kilichopiga Lindi mwaka 1952, na Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei 2024, ni mifano michache.

Wanafunzi wasichanganye chakula cha kimbunga na njia yake. Maji ya joto hukilisha; pepo kuu zinazokizunguka hukichukua, kama mkondo uchukuavyo mtumbwi. Kikifika nchi kavu au penye maji baridi, hukosa chakula na kudhoofika.

Faida ya Somo

Mtoto aliyeelewa haya akisikia redioni kwamba maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yamezidi joto, atajua kwa nini wazazi wahimizwa kuzibua mifereji, na kwa nini wavuvi waambiwa wasitweke. Ataweza kuwaeleza watu wa nyumbani sababu ya tahadhari hiyo, na tahadhari yenye sababu hupata wasikilizaji. Basi mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, atengeneze sanduku lake kabla ya kuandika andalio la somo, na alijaribu mwenyewe kwanza.