Kula Bila Mfuko wa Chakula

Labda unasoma ukurasa huu ukiwa bado umelala katika kitanda cha hospitali, na mshono unauma kila ukikohoa. Au labda wewe ndiwe mke, dada au mtoto wa mgonjwa, nawe ndiwe utakayepika chakula chake nyumbani. Daktari ameondoa mfuko wa chakula, wote au sehemu yake. Nawe unajiuliza moyoni: Je, mtu anaweza kuishi bila tumbo?

Anaweza. Mwaka 1881, katika mji wa Vienna, daktari Theodor Billroth alikata sehemu ya mfuko wa chakula wa mwanamke mwenye kansa, na yule mama akapona mshono, akala tena. Aliishi miezi michache tu, kwa kuwa kansa ilirudi. Mwaka 1897 daktari Karl Schlatter wa Zürich aliondoa mfuko mzima, na mgonjwa wake akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Leo wako watu walioishi miaka ishirini na zaidi bila mfuko huo, wakilima, wakifundisha shule, wakilea wajukuu. Na katika nchi yetu ya milima, huku Kivu na kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, kansa ya tumbo na vidonda vinavyoziba njia ya chakula si ugonjwa mgeni. Basi usifikiri kwamba limekupata jambo lisilompata mwingine.

Lakini yakupasa kujifunza kula upya, kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Kwanza fahamu kazi ya kile kilichoondolewa. Watu husema “tumbo” kwa vitu vyote vilivyo chini ya mbavu, lakini mfuko wa chakula ni kimoja tu, na baada yake matumbo hufuata, marefu kama kamba iliyokunjwa. Wewe umewahi kufika kwenye daraja la Ruzizi asubuhi, penye mpaka. Watu ni wengi, lakini mlangoni wanapitishwa wachache wachache, karatasi zikitazamwa. Ndivyo mfuko ulivyofanya. Ulipokea ugali wote wa jioni, ukausaga, ukauchanganya na maji yake makali yauayo vijidudu, ukaupitisha kidogo kidogo kwenye matumbo. Sasa mlango umeondolewa. Daktari ameunga koo la chakula na utumbo moja kwa moja, au ameacha kipande kidogo tu cha mfuko. Ukila kama zamani, watu wote wa mpakani watavuka kwa mara moja.

Ndiyo sababu wengine, nusu saa haijapita tangu kula, husikia moyo ukipiga mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo kuunguruma na kuharisha. Chakula kimemwagika katika utumbo, hasa kitu chenye sukari nyingi, nacho kimevuta maji ya mwili kukifuata. Wengine hupata shida baada ya saa moja hadi tatu: hutetemeka, njaa huwashika ghafula, akili huchanganyika. Hapo sukari iliingia katika damu upesi, mwili ukaifukuza kwa nguvu mno, na sasa imepungua. Ukishikwa hivi, lamba sukari kidogo au kula kipande cha ndizi mbivu, kisha kula kitu cha kukaa, kama yai au karanga zilizosagwa. Ukishikwa na ile shida ya kwanza, jiegemeze kwa mto, kichwa juu, mpaka ipite. Usilale chali kabisa baada ya kula, kwa maana nyongo huweza kupanda kooni na kuchoma. Usiku weka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa.

Basi, ule namna gani? Ule mara sita kwa siku, chakula kidogo kila mara: unapoamka, katikati ya asubuhi, jua linapokuwa kichwani, alasiri, jioni, na kabla ya kulala. Kwanza kipimo kiwe kama ngumi ya mtoto. Baada ya miezi utumbo utajifunza kupanuka, nawe utaongeza.

Najua unavyonijibu. “Mwuguzi, katika nyumba yetu chungu hupikwa mara moja kwa siku, jioni, na siku nyingine hakipikwi. Mara sita nitazitoa wapi?” Ni neno la kweli, na sisi wauguzi tunakosea tukimpa mtu wa Kadutu shauri lililoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye friji. Fanya hivi. Chungu kinapoiva, mtenge mgonjwa kwanza, kabla ya watoto na kabla ya mgeni. Si chakula zaidi, ni kile kile fungu lake, lakini kigawanywe. Sehemu ale jioni, sehemu ale kabla ya kulala, nyingine ifunikwe vizuri mahali pa baridi na kuchemshwa tena asubuhi mpaka itokote kabisa. Wakati wa mchana kitafutwe kitu kisichohitaji chungu kikubwa: kiazi kimoja, yai, ndizi, nusu ya avoka. Hili halina fedha nyingi ndani yake, lina upendo na uangalifu. Kazi ngumu ni kuwaeleza wa nyumbani kwamba mtu huyu anayekula kila wakati si mlafi.

Tafuna. Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji mdomoni, kwa sababu sasa meno yako ndiyo mfuko wako. Mzee asiye na meno asagiwe. Ugali mgumu wa muhogo unavutika, humezwa bila kutafunwa na kukwama pale penye mshono, kwa hiyo katika miezi ya kwanza upikwe laini, na tonge liwe dogo. Sombe itwangwe sana na kupikwa muda mrefu. Lengalenga ikatwe ndogo. Maharagi yasagwe na maganda yaondolewe. Nyama ngumu, nyuzi za nanasi, ngozi nyeupe ya chungwa na mbegu za mapera viache, maana huweza kushikana ndani na kuwa donge la kuziba njia. Mkate mpya nao hukwama. Uliokaushwa motoni ni bora.

Chakula cha kujenga mwili kitangulie katika kila sahani. Hapa Bukavu tunao sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960 na kutiwa katika Kivu, na leo hakuna soko letu lisilo nao. Wakaushe, watwange wawe unga, weka kijiko katika kila chakula cha mgonjwa. Mayai, karanga zilizosagwa, soya na kuku aliyekatwa vipande vidogo ni vyema pia. Maziwa mabichi hayawafai wengine, huwajaza hewa na kuwaharisha. Hao wajaribu mashanza kidogo kidogo, lakini maziwa yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa.

Sukari uipunguze. Uji wa sosoma ni mzuri, lakini si uji wenye vijiko vitano vya sukari. Fanta ambayo jamaa wanakuletea kwa upendo huko hospitalini wape watoto. Na usinywe pamoja na kula, kwa maana maji husukuma chakula kishuke upesi. Kunywa nusu saa kabla ya kula au nusu saa baadaye, kwa mafunda madogo, ukifikisha kama lita moja na nusu kwa siku. Chai pia iwe mbali na chakula, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasiingie katika damu, nawe tayari unayapata kwa shida.

Maji hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Hapa nasema kwa ukali. Yale maji makali ya mfuko yalikuwa askari, yakiua vijidudu vingi vilivyomezwa. Askari huyo hayupo tena. Kipindupindu kinakaa katika nchi yetu, na wewe unaweza kushikwa na vijidudu vichache ambavyo jirani yako angevimeza bila kuugua. Usinywe maji ya ziwa wala ya bomba bila kuyachemsha, hata ukiwa safarini, hata ukiwa ugenini unaona haya.

Kasiksi, bia na kanyanga ziache. Simwambii hivi mkristo tu. Bila mfuko, pombe huingia katika damu mara moja, na kiasi kidogo humlevya mtu upesi kuliko zamani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limewaangusha wengi. Katika ukuta wa mfuko wa chakula hutoka kitu ambacho huishika vitamini B12 na kuisaidia iingie mwilini. Vitamini hii hutengeneza damu na hulinda mishipa ya fahamu. Mfuko wote ukiondolewa, waweza kula samaki na mayai kila siku, lakini vitamini hii haitaingia ipasavyo. Lakini ini lina akiba yake, na akiba hiyo huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kwisha. Hapo ndipo mtego ulipo.

Nilimjua baba mmoja wa upande wa Walungu. Aliondolewa mfuko wote, akapona vizuri, akarudi kwenye shamba lake. Alichomwa sindano mwaka wa kwanza, kisha akaacha, kwa kuwa njia ni mbali naye hakusikia ugonjwa wowote. Katika mwaka wa tano nyayo zake zikaanza kufa ganzi. Alitembea kama mtu anayekanyaga pamba, akaanguka gizani, akasahau majina. Nyumbani wakasema: karuho, amelishwa sumu. Wakamtaja mke wa ndugu yake. Mama yule akafukuzwa na watoto wake, na yule baba akapelekwa kwa mganga wa kienyeji, akanyweshwa dawa ya kumtapisha siku baada ya siku, mtu asiye na mfuko! Alipoletwa kwetu alikuwa amebaki mifupa. Tulimchoma sindano, damu yake ikarudi, akili yake ikarudi. Lakini miguu haikupona yote, kwa maana mishipa iliyokaa na njaa muda mrefu hairudi kama ilivyokuwa. Wala mama yule hakurudi katika ua ule.

Basi sindano ya B12 ni ya maisha yote. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1. Kwa dawa nyingine kila miezi mitatu, kwa nyingine kila mwezi, kama daktari atakavyoandika. Usingoje kuugua. Aliyekatwa sehemu tu ya mfuko naye apimwe damu kila mwaka, maana wengi wao huhitaji sindano pia. Na usidanganyike na vidonge vyekundu vya damu wanavyopewa mama wajawazito. Ni vizuri kwa upungufu wa chuma, lakini vina foleti ndani, na foleti huweza kuifanya damu ionekane nzuri huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Kwa sababu hiyo, barua uliyopewa na daktari ni mali. Itie katika mfuko wa plastiki, usiitumie kuwashia moto. Imeandikwa kama mfuko uliondolewa wote au nusu, na kwa ugonjwa gani. Ukienda Uvira au Goma na kuugua huko, mwuguzi atakayekupokea hawezi kuona kwa macho kilichoko ndani yako. Mwonyeshe pia kabla hajakupa dawa za maumivu, kwa kuwa aspirini na ibuprofeni huweza kuchimba kidonda pale palipoungwa.

Swali moja huletwa kwangu mara nyingi: Je, nifunge pamoja na kanisa? Kufunga siku tatu bila kula wala kunywa si kwako. Mwili wako hauna ghala tena. Mwambie mchungaji wako waziwazi, naye akiwa na hekima atakupa kazi nyingine ya maombi. Kwenye Meza ya Bwana, kipande kile cha mkate na funda lile la kikombe havikudhuru, tafuna tu.

Mizigo mizito usibebe kwa wiki sita hadi nane, wala jembe usilishike, ili mshono usifunguke ndani na kuwa ngiri. Nawasemea hasa akina mama wanaopanda kutoka sokoni na kilo hamsini mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mabinti wabebe kwanza.

Utakonda. Wengi hupoteza moja ya kumi ya kilo zao, au zaidi, katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Njoo kwenye mizani kila mwezi. Kama kilo zilikuwa zimetulia na zinaanza tena kushuka, njoo. Kikohozi kikipita wiki mbili, njoo pia, kwa maana kifua kikuu huwapenda waliokatwa mfuko. Mavi yakiwa ya mafuta na kuelea, utuambie, iko dawa. Lakini ukitapika kila kitu siku nzima, tumbo likivimba bila kutoa hewa, chakula kikikwama daima mahali pamoja, au mavi yakiwa meusi kama lami, usingoje siku ya kliniki wala usingoje asubuhi. Waamshe jirani, wakulete usiku huohuo, na barua yako mkononi.