Mintarafu ya Kidude cha Soketini

Swali lenyewe hunijia kwa sura nyingi, kwa barua, kwa simu, na wakati mwingine kwa kushikwa mkono mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, lakini muradi wake haubadiliki: "Fundi, kile kidude cha kupunguza umeme, kilicho halisi kinapatikana duka gani?" Lau watu wangeniuliza kama kidude hicho kinafanya kazi au hakifanyi, ningewajibu kwa ukunjufu, maana hilo ni swali la mtu anayetaka kujua, walakini anayeuliza duka la kilicho halisi amekwisha kuamini, na ukimwambia kwamba alichouziwa mwaka jana kilikuwa bure, husikia tu kwamba kilikuwa cha bandia, akaondoka kwenda kutafuta kingine kwa bei kubwa zaidi. Basi naandika ili niwajibu wote kwa mara moja. Kilicho halisi hakipo. Hakitengenezwi Shenzhen, hakitengenezwi Ujerumani, wala hakitatengenezwa popote madhali mita ya nyumbani inahesabu kile inachokihesabu leo.

Kwa asiyekijua, ni kijisanduku cha plastiki kiasi cha kujaa kiganjani, chenye meno ya plagi mgongoni na kitaa cha kijani usoni, ambacho huuzwa Kariakoo na katika masoko ya Mombasa na Nairobi, na siku hizi kwa matangazo ya simuni, pamoja na ahadi ya kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 30, au 40, au 50, ahadi ambayo hupanda kadiri mnunuzi anavyosita. Nimevifungua vya rangi na majina mbalimbali, na ndani yake aghalabu nimekuta vitu vile vile: kapasita moja ndogo, diodi chache, rezista, na hicho kitaa cha kijani. Viko ambavyo hata kapasita havina, vina kitaa peke yake, na hivyo ndivyo ninavyoviona vina insafu kidogo, kwa kuwa mwenye kununua taa amepata taa.

Sasa kapasita si kitu cha kudharauliwa, na fundi awaye yote akiambiwa kwamba kapasita ni takataka atakasirika kwa haki. Mota yoyote, iwe ya friji, ya pangaboi au ya pampu ya kisimani, ina namna mbili za kuchukua umeme katika waya: ule inaoutumia hasa kufanyia kazi, ambao ukiisha kutumika haurudi, na ule inaouhitaji kwa kujenga usumaku wake, ambao huuchukua na kuurejesha, huuchukua na kuurejesha, mara 100 kwa kila sekunde katika umeme wetu huu wa mizunguko 50. Namna hii ya pili ni mithili ya jirani aazimaye kinu asubuhi akakirudisha jioni: njia baina ya nyumba mbili imepitwa, mabega yamechoka kwa kubeba, lakini mwenye kinu hakupungukiwa na kitu. Kazi ya kapasita ni kukaa karibu na mota na kuiazimisha yenyewe hicho kinu, ili kisije kutoka mbali.

Na mita je? Mita ya nyumbani, hii ya namba ya LUKU, ambayo umeme wake hununuliwa kabla ya kutumiwa, na hata ile ya zamani ya kisahani kilichokuwa kikizunguka, huhesabu kilowati-saa, yaani umeme uliotumika ukaisha, na hiyo kilowati-saa moja ndiyo tuiitayo uniti. Kinu kilichokwenda na kurudi haikihesabu, wala haijapata kukihesabu. Kwa hiyo kidude hiki, hata kikiwa na kapasita njema iliyotengenezwa kwa amana, kinakupunguzia kitu ambacho hukuwa ukikilipia.

Hapo ndipo muuzaji hodari atoapo hoja yake kubwa, na naieleza kwa kirefu kwa sababu imewateka hata watu waliosoma. Huchukua mita ya kubana waya, ambayo mafundi huiita klampu, akaibana kwenye waya wa mota ndogo iliyo mezani pake, akawaonyesha watazamaji ampea 1. Kisha huchomeka kidude, na mbele ya macho yao namba ikashuka hadi nusu, na umma ukaingiza mikono mifukoni. Namba ile haikusema uongo. Mwongo ni yule aliyewafanya watu waamini kwamba ampea ndizo zinazolipiwa. Ukizidisha volti 230 kwa ampea 1 utapata 230, lakini mota ya namna ile, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkondo wake ni ya kwenda na kurudi, yaweza kuwa inatumia wati 115 tu. Na baada ya kutiwa kapasita iliyopimwa sawasawa, ampea zitashuka hadi nusu na wati zitakuwa zile zile 115, na mita ya LUKU, ambayo muuzaji hakuileta mezani, na alikuwa na sababu njema ya kutoileta, itaendelea kuhesabu 115 kama ilivyokuwa ikihesabu. Kinachopungua kweli ni joto dogo lipoteleo ndani ya waya za nyumba, ambalo katika mfano huu halifiki hata nusu wati, na kile kitaa cha kijani huenda kikalila chote.

Ukweli uliofichwa ndani ya hadaa hii ni wa viwandani. Mwenye kiwanda cha mabati au cha nguo, ambaye yumo katika daraja la watumiaji wakubwa, hatozwi kwa uniti peke yake, bali hutozwa pia kwa kilele cha matumizi yake kinachopimwa kwa kVA, kipimo ambacho kwenda na kurudi kwa kinu kumo ndani yake. Naye kwa sababu hiyo hununua kapasita zinazojaza kabati zima, zilizopigiwa hesabu na mhandisi aliyekuja kupima mota zake, na fedha zake humrudia. Aliyeichukua elimu hiyo kiwandani akaitia katika kijisanduku cha plastiki kwa ajili ya mama mwenye friji moja na pangaboi mbili, huyo alijua alifanyalo. Wala si mimi peke yangu nisemaye: mwaka 2009 NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikayo na vipimo na viwango, ilitoa waraka juu ya vifaa vya aina hii majumbani, na neno lake lilikuwa hili hili, kwamba mwenye nyumba haokoi fedha kwavyo.

Fauka ya hayo, vitu vilavyo LUKU kwa pupa katika nyumba nyingi havina mota yenye kuhitaji kapasita. Pasi, birika la umeme, jiko la koili, hita ya kuogea, vyote hivi ni waya unaopata moto, na umeme wote viuchukuao huutumia hapo hapo, hakuna cha kurudi wala cha kuazimwa. Lita moja ya maji ya bombani yenye joto la 28 inataka takriban wati-saa 84 ili ichemke, upende usipende, na hakuna kapasita, hata ingekuja na cheti cha dhahabu, iwezayo kuyabembeleza maji hayo yachemke kwa 42. Anayeahidi kupunguza nusu ya umeme wa nyumba nzima kwa kitu kilichochomekwa sebuleni anaahidi hilo hasa, na sijui kwa nini mtu ambaye hatamwamini mchuuzi akimwambia kwamba kilo moja ya mchele wake hushibisha kama mbili, humwamini huyu.

Nikifika hapa huletewa shahidi. "Shemeji yangu wa Temeke alikichomeka mwezi wa tatu, na tangu hapo uniti zake zinadumu." Simwiti shemeji mwongo, namwuliza mambo mawili matatu tu. Mwezi wa tatu ni wakati gani Dar es Salaam? Ni wakati ambapo joto la kaskazi bado halijatoka majumbani, pangaboi halizimwi usiku kucha, kiyoyozi kinakoroma, na friji linahangaika. Kisha kusi huingia, kipupwe kikafuata, watu wakajifunika shuka, na matumizi yakashuka kwa amri ya upepo, ilhali sifa zote kimepewa kijisanduku. Na tokeni aliyoilinganisha ilikuwa ya siku gani? Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa LUKU, nayo huangukia tokeni ya kwanza ya mwezi, na kama miezi imepita bila kununua, kodi ya miezi hiyo hudaiwa kwa pamoja. Basi mtu aliyenunua umeme wa shilingi 10,000 tarehe mosi akapata uniti chache, akakasirika, akaenda kununua kidude, akanunua tena umeme wa shilingi 10,000 tarehe 15 akapata uniti nyingi zaidi, hulala akiamini ameona muujiza. Tena kuna jambo la tabia ambalo ni zito kuliko yote: mtu aliyetoa fedha yake kwa ajili ya iktisadi huanza kuitazama mita kila jioni, na mwenye kuitazama mita kila jioni huzima taa ya uani, huwagombeza watoto waliosahau kuzima pasi, na hupunguza umeme kweli kwa mkono wake mwenyewe.

Chanzo cha yote, nionavyo, ni shuku. Watu wamekwisha kuamini kwamba mita inawaibia, na anayeamini anaibiwa humpokea kila ajaye na kufuli. Mwaka 2024, tulipotakiwa kuingiza tarakimu nyingi za ziada katika mita zetu, walikuwapo walioniuliza kama tangu siku ile mita "inakimbia". Haikimbii. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake dakika iliyozaliwa, ambayo hadi wakati huo ilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ya dakika 16,777,216 tu, ambazo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024, si kwetu peke yetu bali kwa mita za mfumo huu duniani kote. Kwa hiyo ilipasa kila mita iambiwe ianze hesabu upya. Kilichobadilishwa ni tarehe, na upimaji wa umeme haukuguswa. Jambo hili, ambalo kwangu ni la ajabu na lenye ladha, halikumshangaza mtu; kidude cha kitaa cha kijani ndicho kilichowashangaza.

Asiyeniamini asiniamini, bali akapime. Katika uso wa mita pana kitaa chekundu kinachokonyeza, na kando yake pameandikwa idadi ya mikonyezo kwa uniti moja. Tuseme ni 1,000. Zima kila kitu nyumbani, washa birika la wati 2,000, na kitaa kitakonyeza takriban mara 33 kwa dakika. Chomeka kidude, hesabu tena. Ukiwa na subira rudia kwa pangaboi. Jibu utalipata bila ya kunishika mkono msikitini.

Hatari nayo ipo, ingawa sitaki kumtisha mtu. Kapasita duni iliyokaa katika umeme usiku na mchana, pasipo fyuzi, katika unyevu na chumvi ya hewa ya pwani, hupata moto, na soketi zilizoungua kwa sababu hiyo nimezibadilisha.

Yanayofaa ni machache na hayana muuzaji, ndiyo maana hayatangazwi. Nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Birika litiwe maji yatakayonywewa, si ya kujaza. Hita ya kuogea ya wati 4,500 hula robo tatu ya uniti kwa dakika 10, na mtu wa pwani ataoga salama bila hiyo. Balbu ya uzi ya wati 60 iondolewe, itiwe ya LED ya wati 9. Kiyoyozi kiwekwe 25, si 18, na mlango ufungwe. Friji lisibanwe ukutani. Karatasi ikibanwa na mlango wake ikateleza bila kushikwa, mpira umekufa, ubadilishwe. King'amuzi kizimwe ukutani watu wanapolala. Aliye katika daraja la watumiaji wadogo asivuke uniti 75 kwa mwezi, maana za juu ya hapo huuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei yake ya kawaida. Na anayevuka kidogo kila mwezi, hapo ndipo pa kubana, si kwingine. Nyumba ikila umeme hali vyote vimezimwa, aitwe fundi atazame waya, au shirika la umeme liombwe lije kukagua mita.

Na aliyekwisha kukinunua? Akichomoe, asimpe jirani. Soketi ile itamfaa kwa kuchajia simu, ambayo, kwa kuwa nalijua swali litakalofuata, haimalizi LUKU: uniti moja yatosha kuijaza simu ya siku hizi takriban mara 40.