Anapopata 100 kwa 100

Akina mama wenzetu, mtoto akileta nyumbani karatasi yenye alama 100 kwa 100, wengi wetu hufurahi na kuona kazi imekwisha. Lakini hebu tujiulize, alama hizo zinatuambia nini? Zinatuambia tu kwamba maswali yamemwishia mtoto kabla yeye hajaishiwa majibu.

Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili. Kipimo cha urefu kilichochorwa ukutani kikiishia sentimita 100, mtoto mwenye 101 na mwenye 120 wote wataandikwa "zaidi ya 100". Dawa ni kurefusha kipimo.

KIPIMO KIREFU ZAIDI

Huko Marekani, Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, alifanya hivyo hasa. Mwaka 1969 alimpima kijana wa miaka 13 kwa SAT, mtihani wanaofanya vijana wa miaka 17 au 18 wanaotaka kuingia chuo kikuu. Kijana alifaulu vizuri, akaanza chuo kikuu akiwa bado na miaka hiyo 13. Machi 1972, Stanley aliwapima watoto wapatao 450 wa umri wa miaka 12 hadi 14. Watoto ambao darasani walionekana kuwa sawa, sasa walitofautiana sana.

Mwaka 1979 chuo hicho kilianzisha kituo cha vijana wa namna hii. Baadaye hata wadogo walifikiriwa: mtoto wa darasa la 2 au la 3 hupewa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya darasa la 4 na la 5.

TUSOMEJE MATOKEO?

Kwanza, mtoto akikosa maswali mengi katika mtihani wa wakubwa, tusimkaripie. Hayo ni mambo ambayo hajafundishwa. Akipata hata nusu tu, ametueleza mengi. Tumwambie hivyo kabla hajaingia chumba cha mtihani, maana mtoto aliyezoea kupata yote huweza kulia.

Pili, tusimkeshe na mazoezi. Tukimkaririsha, tutapima juhudi zetu wala si uwezo wake.

Tatu, mtihani mmoja si hukumu. Mtoto mwenye homa, njaa au hofu hawezi kuonyesha alichonacho.

Nne, matokeo yasipelekwe kwa majirani, wala yasitajwe mbele ya ndugu zake. Neno "mwenzio ana akili" linaweza kumuumiza mtoto kwa miaka mingi.

BAADA YA HAPO

Si lazima mtoto arushwe darasa. Huenda ni mwepisi wa hesabu, lakini katika kuandika na kucheza na wenzake ni mtoto wa umri wake tu. Tuzungumze na mwalimu, apewe hesabu ngumu zaidi au vitabu vya darasa la mbele. Pengine yule anayelalamikiwa kwa utundu amemaliza kazi mapema, naye hana la kufanya.

Kliniki tunampima mtoto uzito ili tujue tumlishe nini, wala si ili tuamue kama anastahili kupendwa. Na akili zake tuzipime kwa nia hiyo hiyo.